Fundi Tudge Akiri

Norman Tudge alikiri kabla hajaulizwa swali lolote.

Aliingia kituo cha polisi cha Market Drayton, Uingereza, Jumanne asubuhi, akavua kofia yake ya sufu, akamwambia askari wa mapokezi, "Nimekuja kwa habari ya Keith Rowley. Mimi ndiye niliyemuua." Kisha akauliza kama kuna mahali pa kukaa, maana goti lilikuwa linamsumbua.

Sajenti Rhiannon Pugh alimkuta chumba cha mahojiano, kofia magotini. Mzee alikuwa amefunga tai. Mikono ilikuwa ya fundi wa miaka mingi, grisi imejikita kwenye mistari ya vidole kiasi kwamba sabuni haiitoi tena.

"Mzee Tudge, una haki ya kuwa na wakili."

"Wakili wa nini, binti yangu? Nimeshasema nimefanya."

"Basi niambie ulivyofanya."

Alikohoa, akaangalia meza. "Jumamosi nilimfungia Keith bomba jipya la moshi kwenye jiko lake. Bomba linapopita darini pana shingo ya chuma. Ile shingo lazima uizibe kwa saruji ya moto, ile isiyopasuka kwa joto, uizungushie yote, usiache hata pa kupita sindano. Sikuiziba."

"Kwa nini?"

"Nilisahau."

"Unakumbuka kwamba ulisahau?"

Swali lile lilimgusa pabaya. Alizungusha kofia magotini kama anayetafuta upande wa mbele. "Jana nimefungua mfuko wangu wa vifaa. Kopo la saruji limo, halijafunguliwa. Kama ningeiziba ile shingo, kopo lingekuwa tupu. Hesabu ndogo tu hiyo, Sajenti."

Ilikuwa hesabu ndogo kweli, na ilikaa vizuri na kila kitu ambacho Rhiannon alikuwa nacho. Keith Rowley, dereva wa malori mstaafu, mjane, alikutwa Jumatatu, amekufa tangu Jumapili, kitandani ndani ya boti yake *Dorcas*, pale gati la Coldmere kwenye mfereji wa Shropshire Union. Hakuwa na jeraha. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyetoka kucheza kwenye theluji, na daktari hakuhitaji kufikiri sana: damu ilikuwa imejaa kaboni monoksaidi, gesi ya moto usiowaka vizuri, isiyo na rangi wala harufu. Watu wa Coldmere wanaishi ndani ya boti zao kiangazi na baridi, na kila mmoja wao anajua gesi ile hutoka wapi. Hutoka jikoni. Na kila mmoja alijua nani alikuwa ameshika jiko la Keith mara ya mwisho.

Rhiannon alimsainisha mzee maelezo yake. Kisha akatoka kwenye ujia na kumpigia simu Carys, binti wa marehemu, aliyekuwa gatini akikusanya nguo za baba yake za mazishi. Akamwambia kuna mtu amekiri. Akamtajia jina.

Angeweza kungoja mpaka akague boti. Hakungoja.

*

Mkaguzi wa majiko alitoka Stafford, mtu mrefu mwenye mafua aliyeitwa Oakes. Ilimbidi ainame ili apite mlango wa mbele wa *Dorcas*.

Boti ilikuwa ndefu na nyembamba kama behewa la treni: sebule mbele na jiko lake la makaa, halafu meko na kabati, halafu chumba cha kulala, na nyuma kabisa injini. Oakes alipanda kwenye kiti, akapitisha kidole kuizunguka shingo ya bomba, akashuka, akapenga kamasi.

"Nani amekwambia haijazibwa?"

"Fundi mwenyewe."

"Basi fundi wako anamsingizia mtu. Anajisingizia yeye mwenyewe." Alimshika Rhiannon mkono, akaupeleka juu. Saruji ilikuwa ngumu kama jiwe, imelainishwa kwa kidole pande zote, bila ufa. Pembeni palikuwa na doa dogo la rangi ya njano, limewekwa kwa ncha ya brashi. "Kazi safi hii. Mimi nisingeifanya hivi."

Rhiannon alifunua ndoo ya taka kando ya jiko. Juu ya maganda ya machungwa palikuwa na kopo tupu la saruji ya moto.

"Alikuwa na makopo mawili," alisema.

"Alikuwa na makopo mawili, akalikumbuka moja," Oakes alimjibu.

Hata hivyo aliwasha kidonge cha kutoa moshi wa majaribio ndani ya jiko, akafunga mlango, wakakaa wakitazama. Moshi wote ulipanda bombani. Hakuna uliovuja sebuleni, hata uzi mmoja. Oakes akanyoosha mkono na kubonyeza king'ora cha gesi kilichokuwa ukutani karibu na jiko. Kelele yake iliwafanya wote wawili wazibe masikio.

"Kinafanya kazi," alisema Oakes.

"Na hakuna jirani aliyekisikia Jumapili," alisema Rhiannon. "Nimewauliza wote."

"Kama gesi ingetoka kwenye jiko hili, hiki kingelia mpaka kusikika Wales. Gesi haikuanzia huku mbele, Sajenti. Mlango wa chumba cha kulala ulikuwaje?"

"Umefungwa. Alikuwa na mafua makali, amejifungia alale mchana."

Wakahamia nyuma. Katika kabati ya ukutani kulikuwa na hita ya dizeli, ile inayopasha maji na kuyazungusha kwenye mabomba ya boti. Rhiannon alidhani wameipata. Oakes alimulika tochi, akacheka puani. Pampu ya mafuta haikuwepo. Bomba lake lilikuwa limefungwa kifuniko, na kwenye kifuniko doa jingine la njano. Pampu iko kwa fundi, inatengenezwa. Hita isiyo na pampu haiwaki.

"Injini?"

"Ni ya dizeli. Dizeli ingemkohoza, ingemtoa machozi, angetoka nje akitukana. Tena tazama." Alionyesha swichi kubwa ya betri karibu na ngazi. Ilikuwa imezimwa. "Injini hii haijawashwa."

Rhiannon alikaa ukingoni mwa kitanda. Mezani palikuwa na chupa ya dawa ya kikohozi na bakuli la maji aliyokuwa akijifukizia. Juu ya kitanda, dirisha dogo la upande wa njia ya miguu lilikuwa limeachwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Alisimama, akapitisha leso kwenye fremu ya nje. Leso ilitoka na weusi.

Alitoka bila kuaga. Alizunguka hadi ukingoni, akachuchumaa chini ya dirisha lile. Nyasi za Januari zilikuwa zimelala na umande wa barafu, lakini mahali pale zilikuwa zimebadilika rangi, zimekauka kama zilizopigwa pasi, mkauko ukitanuka kuelekea kwenye boti. Nyuma yake, kwenye udongo laini, palikuwa na alama nne za miguu ya mpira.

"Jenereta," alisema Oakes juu ya bega lake. "Ya petroli. Moshi umetazama dirishani moja kwa moja. Petroli si kama dizeli, Sajenti. Ukiwa umelala, huisikii gesi yake. Unaendelea kulala tu."

*

Dilys Beddoes, mwenye boti ya tatu kutoka pale, ndiye aliyemkuta Keith Jumatatu, baada ya Carys kumpigia simu kwamba baba yake hakwenda kwake Wrexham Jumapili kama alivyoahidi na wala hapokei simu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, na alikuwa amelia.

"Jumapili mchana ulisikia injini ya Keith?" Rhiannon aliuliza.

"Nilisikia. Nikasema, Keith huyo, anachaji betri zake."

"Injini ya Keith inaliaje?"

"Ah, ile? Tuk, tuk, tuk, kama mzee anapanda ngazi." Kisha Dilys akaweka mkono mdomoni. "Haikuwa hivyo. Ile ya Jumapili ilikuwa inalia nyembamba. Kama mashine ya kukatia nyasi. Mungu wangu, nani akate nyasi mwezi wa kwanza?"

"Nani hapa ana jenereta ya petroli?"

"Hakuna! Judith angemtoa roho. Hujaona tangazo lake?"

Rhiannon alikuwa ameliona. Lilibandikwa kwenye bomba la maji, herufi kubwa: ni marufuku jenereta ya petroli karibu na boti yoyote, kwa ajili ya usalama wetu sote. Lilisainiwa na Judith Pargeter, mwenyekiti wa wakazi. Boti yake, *Clementine*, ilifungwa nyuma tu ya *Dorcas*.

Alipokuwa akielekea huko alipita boti ya Norman Tudge. Mtu alikuwa ameandika MUUAJI ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi zikivuja hadi majini. Carys alikuwa amewaambia watu, na watu walikuwa wamefanya yaliyobaki. Rhiannon alisimama mbele ya neno lile muda kidogo, kisha akaendelea.

Judith Pargeter alimkaribisha kwa adabu, mwanamke mwembamba, nywele zimechanwa nyuma, koti la sufu mabegani ingawa alikuwa ndani. Mezani palikuwa na mshumaa unaowaka, mchana kweupe.

"Keti, afande. Habari mbaya sana hii. Na Norman pia, maskini, nani angedhani."

"Mbona mshumaa, mama Pargeter?"

"Napenda mwanga wake."

"Na friji yako haingurumi."

"Nimeizima. Baridi hii yote, friji ya nini?"

"Betri zako nzima?"

"Mpya kabisa," alisema Judith haraka. "Nimezibadilisha msimu wa vuli. Muulize yeyote."

"Naomba nizione."

Judith aliinuka taratibu. Ubao wa sakafu ya nyuma ulipofunguliwa, harufu ya petroli ilipanda kwanza. Betri zilikuwa nne, za zamani, vichwa vyake vimeota unga mweupe kama chumvi. Rhiannon alifungua kizibo kimoja, akamulika. Ndani mlikuwa mkavu. Betri ya mwisho ilikuwa imevimba ubavu. Lakini kwenye vichwa viwili, katikati ya unga ule, palikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa, pale ambapo meno ya vibanio vya chaja yameuma.

"Norman alikwambia uziongeze maji?"

"Kila mwezi." Sauti ya Judith ilikuwa imeshuka. "Kila mwezi aliniambia. Nikamwambia nimeongeza. Watu wote wananiuliza mimi mambo ya gati hili, afande. Ningesemaje kwamba nimeua betri zangu kwa uvivu?"

"Jenereta iko wapi?"

"Kwa kaka yangu, Nantwich. Nilimrudishia jioni ileile ya Jumapili."

"Kwa nini uliiweka kule, chini ya dirisha la Keith? Kwa nini si hapa, kando ya boti yako?"

Judith alishika kingo za koti, akalivuta. Nje bata walipita wakipigiana kelele.

"Kwa sababu naijua ile gesi," alisema mwishoni. "Niliogopa isiingie kwangu. Nikavuta waya mpaka ulipofika. Keith aliniambia anakwenda kwa Carys. Boti ilikuwa tupu. Nakuapia, niliamini ni tupu."

"Uligonga?"

"Sikugonga."

"Na leo Norman alipokiri?"

"Dilys alikuja kuniambia. Nikamwambia, ah, pole yake."

"Umeona walichomwandikia?"

"Nimeona."

"Ukawaza nini?"

Judith alimtazama kwa mara ya kwanza, na uso wake ulikuwa umekunjamana wote, umeharibika. "Niliwaza kwamba rangi ile ikisuguliwa itatoka," alisema.

Rhiannon alimsomea haki zake. Walipotoka, watu walikuwa wamesimama kwenye boti zao, na Judith, aliyezoea kuwaamrisha, alitembea akitazama viatu vyake. Mtu mmoja aliyekuwa na rangi nyekundu kwenye mkono wa koti aliuweka mkono ule nyuma ya mgongo.

*

Norman alikuwa ameachiwa kwa dhamana. Rhiannon aliporudi jioni inaanza kuingia, alimkuta amepiga magoti ukingoni, anasugua neno lile kwa tambara na tapentaini. Alikuwa amefikia herufi ya pili. Rhiannon aliokota tambara jingine, akaanza upande wa pili, na huku wanasugua akamweleza yote: saruji, kopo la takani, dirisha, Judith.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakufurahi.

"Kwa hiyo niliiziba," alisema.

"Uliiziba, mzee. Oakes anasema kazi safi."

"Na pampu ya hita?"

"Umeitoa, ukafunga bomba. Kila mahali umeweka doa la njano."

"Ndiyo, doa." Aliacha kusugua. "Nikimaliza kitu naweka doa. Nimeanza mwaka jana. Mwanzoni nilikuwa nikiliona naridhika. Siku hizi naliona, najiuliza kama nililiweka baada ya kazi au kabla."

"Nilidhani habari hizi zitakupa nafuu."

"Kama ningekuwa nimemuua, binti yangu, ningekuwa mtu aliyekosea mara moja. Watu hukosea. Sasa mimi ni nani? Nimekwenda polisi nimefunga tai, nikaapa jambo ambalo halikutokea. Nililiona. Nilimwona Keith akinishikia tochi, na kopo nimelirudisha mfukoni. Nililiona kama ninavyokuona wewe."

Rhiannon alifuta mikono yake. Alihitaji maelezo mapya kutoka kwake ya kufuta yale ya asubuhi, na maelezo hayo yangesomwa kwenye mahakama ya uchunguzi wa vifo, mbele ya watu. Alimwambia hivyo. Norman alimkaribisha ndani, akawasha taa, wakakaa.

"Andika kwamba nilidanganya," alisema.

"Mzee Tudge."

"Andika, Norman Tudge alidanganya polisi ili atajwe, ni mzee mpuuzi. Nifungeni mkitaka. Mbele ya watu hawa afadhali niwe mwongo."

"Kudanganya polisi ni kosa."

"Najua. Ndiyo nakuomba."

Kalamu ilikaa juu ya karatasi. Rhiannon hakuwa na raha kumtazama usoni, akatazama mikono yake. "Asubuhi nilikimbilia simu kabla sijakagua chochote," alisema. "Lile neno ubavuni mwa boti yako nimesaidia kuliandika. Siwezi kuongeza na uongo juu yake. Nitaandika kwamba hukumbuki."

Akaandika. Norman aliisoma karatasi taratibu, kidole chini ya mistari, na alipofika kwenye neno *sikumbuki* kidole kilisimama. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akachukua kalamu, akasaini.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Dilys Beddoes na sufuria ya mchuzi wa kondoo, imefunikwa kwa kitambaa. Nyuma yake, kwenye njia ya miguu, wengine wanne watano walikuwa wamesimama kama watu waliofika msibani wakiwa wamechelewa. Yule mwenye koti lenye rangi alikuwamo.

"Norman," alisema Dilys. "Sote tunaona aibu. Hatujui hata tuseme nini. Tunajua si wewe."

Mzee alisimama mlangoni. Rhiannon aliona anavyoshika fremu, na alidhani atapokea sufuria, atasema si neno, atafunga mlango. Angeweza. Karatasi ilikuwa ndani ya mkoba, na mahakama ilikuwa mbali bado.

"Dilys, jiko lako nililitengeneza lini?"

"Mwezi jana. Linawaka vizuri mno, bwana."

"Nililifanya nini?"

"Si ulibadilisha kamba ya kuzibia mlango wake, na lile bati la ndani? Umesahau?" alisema Dilys akicheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika.

"Nimesahau," alisema Norman. Alipaza sauti ili wa nyuma wasikie. "Sikilizeni. Nasahau. Si leo tu, ni muda sasa, na nimewaficha. Keith sikumuua, lakini mwenyewe sikujua. Kila nilichokishika kwenye boti zenu tangu mwaka jana, majiko, hita, nyaya, kiitieni fundi mwingine akiangalie. Na usiku huu yazimeni."

"Norman, kuna barafu nje."

"Jifunikeni blanketi. Dilys, nenda kazime."

Alipokea sufuria, akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani akimwacha Rhiannon apite. Watu walitawanyika bila kutazamana. Rhiannon alitembea kuelekea kwenye gari, kola juu, akisikia nyuma yake milango ya majiko ikifunguliwa na majivu yakikorogwa. Alipogeuka langoni, mabomba ya Coldmere yalikuwa yakiacha kutoa moshi, moja, halafu jingine, mpaka gati zima likabaki na anga tupu juu yake.